Saratani ya matiti inapojificha kwenye ini

MWANAMKE anayelima mahindi Moi's Bridge, mji ulio kando ya barabara kuu ya Eldoret kuelekea Kitale, anapoanza kuchoka na kukosa hamu ya chakula, aghalabu hushuku malaria, taifodi au vidonda vya tumbo. Lakini ikiwa amewahi kutibiwa saratani ya matiti, hata kama ni miaka mingi iliyopita, dalili hizo hazifai kupuuzwa.

Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa kwa wingi zaidi miongoni mwa wanawake nchini Kenya. Seli zake huweza kutoka kwenye titi, zikasafiri kupitia damu na kutua katika mifupa, mapafu, ubongo au ini. Huko huweza kukaa kimya, wakati mwingine kwa zaidi ya miaka 10, kabla ya kuanza kukua.

Ini huficha maradhi haya kwa sababu sehemu yake moja ikidhurika, iliyosalia huendelea na kazi. Hivyo, mgonjwa huweza kukosa maumivu, na hata vipimo vya damu vikaonyesha hali ya kawaida. Dalili zinapojitokeza, huwa ni maumivu chini ya mbavu za upande wa kulia, kupungua uzani, kichefuchefu, tumbo kujaa maji, ngozi kuwasha na macho kugeuka manjano.

Uchunguzi hufanywa kwa picha za ultrasaundi au CT skani, kisha kipande kidogo cha ini huchukuliwa kwa sindano na kupimwa katika maabara. Hatua hii ni muhimu kwani si kila uvimbe kwenye ini ni saratani.

Ugonjwa huu si saratani ya ini, bali ni saratani ya matiti iliyohamia humo, na hutibiwa hivyo kwa tembe za kudhibiti homoni, kemotherapia au dawa nyinginezo kulingana na aina ya seli. Ingawa kwa kawaida hauponi kabisa, matibabu huweza kurefusha maisha na kupunguza mateso.

Kwa wakazi wa Moi's Bridge, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret hutoa huduma za saratani. Hata unapotembelea zahanati ya karibu kwa tatizo dogo, mweleze mhudumu kwamba uliwahi kuugua saratani ya matiti. Asipojua hayo, huenda akakutibu malaria usiyo nayo, huku ugonjwa wenyewe ukizidi kuenea.