Mapenzi ya Chuoni na Kodi ya Chumba

Riwaya za Marekani ambazo vijana wetu husoma siku hizi kwenye simu zina mwendo mmoja. Mvulana na msichana ni marafiki, wanapanga chumba karibu na chuo ili wagawane kodi, na kabla ya mitihani wamekwisha pendana. Ni hadithi tamu, sikatai. Lakini hata huko kwenyewe si ya zamani sana. Mwaka 1970 gazeti la Life liliweka ukurasa wa mbele habari za Chuo cha Oberlin, Ohio, ambako wanafunzi wa kiume na wa kike walikuwa wakiishi bweni moja, na nchi nzima ikashangaa.

Mwaka uliofuata, 1971, ilitoka riwaya yetu, Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Humo hakuna chumba cha kugawana, kuna barua. Zakaria, babake Rosa, anaikuta barua ya kijana Charles, na binti anapigwa vibaya. Kisha anapelekwa shule ya bweni ya wasichana, na baadaye Chuo cha Ualimu Morogoro, bila mtu kumfunza jinsi ya kukaa na mwanamume kwa urafiki tu. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kwa madai kwamba kinaharibu maadili. Mimi nilikisoma nikiwa mwalimu, na jambo lililonigusa si yale ya kitandani. Wanaume wanaomharibia Rosa maisha wana cheo au fedha. Hakuna hata mmoja aliye sawa naye.

Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu huku Kanda ya Ziwa, kwa hiyo mabweni nayajua. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, bwalo katikati, na matroni anayehesabu vichwa saa nne usiku. Barua ilipita kwa mkono wa rafiki, na aliyelala kitanda cha juu aliisoma kabla ya mwenyewe. Ndiyo maana mapenzi ya vyuo vyetu yalikuwa ya watu watatu: mwandishi, mwandikiwa, na huyo wa juu.

Wala hatukuanza na wamisionari. Usukumani mapenzi yalianzia njiani. Katika chagulaga vijana walimfuata msichana jioni atokapo ngomani au gulioni, wakimtaka achague mmoja wao. Sisifu, mara nyingi alichagua ili aachiwe njia. Ila mambo yalikuwa hadharani, na nyumba ilikuja baada ya ng'ombe.

Basi, chumba kimeingiaje? Kimeletwa na umbali. Kuanzia mwaka 2004 shule za sekondari za kata ziliongezeka upesi, nyingi bila mabweni, na mtoto anayetoka mbali Shinyanga au Geita alipangiwa chumba jirani na shule. Wenyewe wanakiita geto. Jiko la mkaa, ndoo, godoro, na mtoto wa miaka kumi na mitano asiye na mtu mzima wa kumwambia alale. Kwenye miji ya dhahabu jambo lilikuwa gumu zaidi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wachimbaji wadogo nao wamejaa kila upande, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo hana sababu ya kumngojea mkulima auze pamba.

Hapo ndipo hadithi ya Marekani inaponishinda. Wale wawili wanagawana kodi nusu kwa nusu. Kila mmoja ana ufunguo wake, na wakigombana kila mmoja aweza kuhama. Geto la binti ambalo kodi yake imelipwa na mwanamume mwenye pikipiki au duara la dhahabu lina ufunguo mmoja tu, hata kama imechongwa miwili. Akipata mimba, kwa miaka mingi ni yeye aliyefukuzwa shule, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi wana neno lao, kubebana: aliyepata kitanda humlaza rafiki aliyekosa, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Usiku wanabanana, asubuhi mmoja anakunja shuka na kuwahi darasani. Riwaya ya watu hao bado naitafuta madukani.