Juu ya Muziki wa Mchanganyiko wa Bara Hindi na Nyimbo za Sinema Zake

Shutuma zitolewazo juu ya muziki mpya wa Bara Hindi ni nyingi, na takriban zote hufuata njia moja. Yasemwa kwamba hapo zamani palikuwa na muziki safi wa raga, ambao mwanafunzi aliupokea kwa mwalimu wake kwa mdomo na kwa sikio. Kisha pakaja sinema, magita ya umeme na ngoma za mashine, muziki ukachafuka. Makala haya hayakusudii kuutetea kila wimbo utokao katika studio za Mumbai, maana nyingi kati ya nyimbo hizo hazistahili mtetezi. Nia yake ni kuuliza kama shutuma hiyo imelenga pale panapostahili kulaumiwa. Kwa maoni yangu haikulenga, na ushahidi umo katika historia ya ala zenyewe na ya watu waliozipiga.

Tutazame kwanza harmoniamu, kile kinanda cha upepo ambacho watu wa pwani yetu nao wanakijua. Mtu akikiona mbele ya mwimbaji wa kavali, au katika ibada za Masingasinga, hudhani kwamba ndiyo alama ya Uhindi wenyewe. Lakini kinanda hicho kilibuniwa Ufaransa, na Alexandre Debain aliandikisha haki yake mjini Paris mwaka 1842. Kilipofika Bara Hindi kilikuwa cha kupulizwa kwa miguu. Mafundi wa Calcutta wakakipunguza, ili mpigaji aketiye chini apulize kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Wajuzi wakakichukia. Walisema, wala hawakukosea, kwamba vibao vyake vimefungwa katika sauti kumi na mbili, haviwezi kuteleza baina ya sauti na sauti kama liwezavyo koo la mwimbaji au waya za sarangi. Mwaka 1940 All India Radio, redio ya serikali, ikakipiga marufuku, na marufuku hayo hayakuanza kulegezwa ila mwaka 1971. Katika miaka hiyo yote watu waliendelea kukipiga majumbani na mahali pa ibada, kana kwamba hakuna aliyesema neno.

Nyimbo za sinema nazo zilipitia njia iyo hiyo. Sinema ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ikatoka Indrasabha yenye nyimbo takriban sabini. Wingi huo haukutoka Ulaya. Ni urithi wa michezo ya jukwaani ya Waparsi, ambayo bila nyimbo haikuhesabiwa kuwa imetimia. Kilichobadili mambo ni ufundi ulioanza kutumika mwaka 1935, wa mwimbaji mmoja kunaswa sauti na mwigizaji mwingine kuchezesha midomo. Tangu hapo wimbo haukufungwa tena na mahali pa kupigia picha, na okestra ikaweza kukua.

Basi okestra kubwa huhitaji watu wanaosoma muziki ulioandikwa, na hao Bombay iliwapata kwa Wagoa. Goa ilitawaliwa na Wareno tangu 1510 hata 1961, na katika shule za parokia watoto walifundishwa kusoma alama za muziki na kupiga fidla kwa ajili ya kanisa. Vijana hao waliposafiri kutafuta riziki walipiga jazi katika mahoteli usiku, na mchana wakaingia studio. Sebastian D'Souza, aliyekuwa na bendi Lahore kabla ya nchi kugawanywa 1947, ndiye aliyewapangia ala Shankar na Jaikishan. Anthony Gonsalves, mzaliwa wa Majorda, alimfundisha fidla Pyarelal, ambaye baadaye alikuwa mtunzi mashuhuri. Na mwaka 1958 aliunda okestra yake mwenyewe ili raga zipigwe kwa ala za Ulaya, wakaimba humo Lata Mangeshkar na Manna Dey. Huo ulikuwa muziki wa mchanganyiko kabla jina hilo halijawa bidhaa. Watu wengi hulijua jina la Gonsalves kwa wimbo wa mzaha tu uliomo katika Amar Akbar Anthony ya 1977, ambao Pyarelal alimwekea mwalimu wake heshima ndani yake. Majina ya wenziwe hayakuandikwa hata pale mwanzoni mwa sinema, mahali panapotajwa mpaka mshona nguo.

B. V. Keskar alipokuwa Waziri wa Habari, tangu 1952 hata 1962, alizibana nyimbo za sinema katika redio ya serikali kwa kuziona za kigeni na za ovyo. Wasikilizaji wakageuza masafa na kuitafuta Radio Ceylon, ambako Ameen Sayani alikuwa akitangaza Binaca Geetmala. Serikali ikasalimu amri mwaka 1957 kwa kuanzisha Vividh Bharati. La kushangaza ni kwamba mwaka ule ule wa 1952 ilitoka Baiju Bawra, sinema ambayo Naushad aliijenga juu ya raga, na ndani yake wakaimba Amir Khan na D. V. Paluskar, waimbaji wa daraja ya juu kabisa. Waziri alikuwa akiulilia muziki wa kale huku umati ukilipa nauli na kiingilio kwenda kuusikiliza sinemani.

Sasa tuje kwenye mambo ya karibuni. Kundi la Shakti, lililoanza katika miaka ya 1970, lilimkutanisha John McLaughlin na gita lake, L. Shankar na fidla, Zakir Hussain na tabla, na Vinayakram na mtungi wa udongo. Mchanganyiko wao ulisimama kwa sababu kila mmoja alikuja na elimu yake kamili, hakuna aliyekuja kupamba. A. R. Rahman naye, tangu Roja ya 1992, alitumia mashine za umeme kwa sikio la mtu aliyelelewa katika ala za kweli. Lakini mashine hizo hizo, zilipoenea, ziliwaondoa mamia ya wapigaji katika studio, na fidla ishirini zikawa kibao kimoja. Mwaka 2020 wimbo wake Masakali wa sinema Delhi-6 ya 2009 uligeuzwa upya na watu wengine, naye akaonyesha hadharani kutoridhika kwake, akikumbusha taabu ya watu wengi walioutengeneza wa kwanza. Hakulalamikia usafi wa raga; alilalamikia kazi ya watu. Sheria ya haki za watungaji iliyorekebishwa mwaka 2012, ambayo mshairi Javed Akhtar aliipigania bungeni, ilitazama jambo hilo hilo, nami naona imefaa kuliko marufuku zote za redio.

Mombasa yatupa ushahidi mwingine. Juma Bhalo aliimba tungo za binamu yake Ahmad Nassir kwa lahani za sinema za Kihindi, na tabla na harmoniamu vikiwamo. Lahani ilikuwa ya Bombay, bali vina na mizani vilibaki vya Mvita. Pale lahani ilipodai sauti ndefu, mwimbaji aliivuta silabi, mshairi hakuivunja mizani yake. Wapo waliomlaumu kwa Uhindi. Muziki ambao Keskar aliuona kuwa si wa Kihindi ulilaumiwa huku kwa kuwa wa Kihindi mno. Kazi ya kuzioanisha tungo hizo na sinema zilikotoka lahani zake yafaa ifanywe na wajuao Kiswahili na Kihindi pamoja, kwa kuanza na wazee waliozitazama sinema zenyewe.