Ukinzani au Upinzani? Historia ya Majina ya Mazoezi ya Kurudisha Nguvu ya Misuli

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza fungu dogo la istilahi za tiba ambalo bado halijatulia katika lugha yetu. Nayo ni majina ya mazoezi anayopewa mgonjwa ili misuli yake iliyodhoofika ipate nguvu tena: mazoezi ambayo humtaka asogeze kiungo chake, au akikaze, huku kitu fulani kikimzuia. Kizuizi hicho chaweza kuwa mkono wa mtaalamu, mfuko wa mchanga, utepe wa mpira, au uzito wa kiungo chenyewe. Istilahi hizi zatofautiana na nyingi nyingine kwa jambo moja. Istilahi ya sarufi au ya uhasibu hutumiwa na watu walioisomea. Jina la zoezi, kinyume chake, hugeuka kuwa amri, na anayeitii amri hiyo ni mtu ambaye hakuisomea, tena anaitii kwa mwili wake. Jina likiwa baya, goti ndilo litakaloumia.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili kutoka Njombe na Makambako, ambako haja ya majina haya ni dhahiri. Makambako ni njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni yake hapo. Milimani kuna mashamba ya chai, viazi na miwati, na kazi ya kuangusha miti na kupasua mbao. Penye malori, pikipiki na magogo hapakosi mifupa iliyovunjika. Mtu wa Lupembe au Makete aliyevunjika paja hawezi kukaa hospitalini hadi mguu upate nguvu zake zote. Atarudi kwake akiwa na karatasi ya maelekezo, au akiwa na maneno machache aliyoyashika kichwani. Tena wazee wengi wa huko lugha yao ya kwanza ni Kibena, Kikinga au Kipangwa. Kiswahili ni cha pili. Neno lisiloeleweka kwa mzee huyo ni sawa na dawa iliyosahauliwa dukani.

Tuanze na maneno yaliyokuwapo. Kwa watu wengi tiba ya viungo ni kuchuliwa au kukandwa. Maneno haya ni mazuri na ya asili, lakini yana kasoro moja kwa kazi tunayoizungumzia: yote mawili yako katika kauli ya kutendwa. Mgonjwa hulala, mwingine hutenda. Zoezi la kushindana na kizuizi ni kinyume cha hayo, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe ndiye mtenda. Badiliko kama hilo limekwisha kutokea katika jina la huduma nzima. Zamani ilizoeleka kusema "ukarabati" wa walemavu, neno lilelile litumikalo kwa nyumba na barabara. Siku hizi maandishi ya afya hutumia "utengamao", kutokana na kutengamaa, yaani kurudi katika hali njema. Nyumba hukarabatiwa na fundi. Mtu hutengamaa mwenyewe akisaidiwa. Katikati ya njia hiyo twakumbuka mwaka 1981, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka huohuo ndipo kilipoanzishwa mjini Moshi kituo cha TATCOT cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo.

Sasa tutazame mazoezi yenyewe yalivyopata majina huko yalikotoka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago, aliwatibu askari waliovunjika miguu au kuumia magoti. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia mara nyingi. DeLorme aliona kwamba mazoezi hayo hujenga ustahimilivu lakini hayarudishi nguvu, akaanza kuwapa mizigo mizito wainyanyue kwa marudio machache. Makala yake ya mwaka 1945 iliyaita mazoezi ya ukinzani mzito. Lakini alipoandika pamoja na Arthur Watkins mwaka 1948, jina lilikuwa limebadilika: sasa yaliitwa mazoezi ya ukinzani unaoongezeka. Hata idadi ilipungua. Mwanzoni mgonjwa alifanya mikupuo saba hadi kumi, kila mmoja wa marudio kumi. Kufikia mwaka 1948 ilitosha mikupuo mitatu: wa kwanza kwa nusu ya mzigo ambao mgonjwa aweza kuunyanyua mara kumi tu, wa pili kwa robo tatu yake, na wa tatu kwa mzigo wote.

Mfasiri azingatie badiliko hilo. Utaratibu huo hauhitaji mzigo mkubwa, bali mzigo uliopimwa na kuongezwa kwa kadiri ya nguvu za mgonjwa. Mgonjwa awezaye kunyanyua kilo 4 mara kumi ataanza kwa kilo 2, kisha 3, kisha 4. Kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, dumu la lita 5 lililotiwa maji kwa kipimo linatosha kuwa mzani na mzigo kwa pamoja katika nyumba yoyote ya Njombe. Anayefasiri kwa jina la mwaka 1945 atamwambia mgonjwa "mazoezi mazito", na mgonjwa ama ataogopa ama atabeba asichokiweza. Tena mwaka 1951 ilitolewa njia ya Oxford, aliyoiandika Zinovieff, iliyogeuza mpango huo: mzigo mkubwa kwanza, kisha kupunguza kadiri misuli inavyochoka. Kwa hiyo hata neno "unaoongezeka" lataka maelezo. Kinachoongezeka ni mzigo wa wiki hadi wiki, si lazima ule wa mkupuo hadi mkupuo.

Aina za mazoezi haya huitwa kwa maneno yenye asili ya Kiyunani: isotoniki, isometriki na isokinetiki. Yote yaanza na kiambishi chenye maana ya usawa, na hapo ndipo mtego ulipo. Isotoniki maana yake ni "mvuto ulio sawa". Lakini mtu akikunja kiwiko na kunyanyua dumu, mvuto ndani ya msuli haubaki sawa hata kidogo; hubadilika kadiri pembe ya kiungo inavyobadilika. Jina hili limebaki kwa mazoea tu, na mfasiri atakayelitafsiri neno kwa neno atakuwa ameingiza kosa la wengine katika Kiswahili. Isometriki, "kipimo kilicho sawa", ni kukaza msuli bila kiungo kusogea. Njia hii ilipata sifa kubwa baada ya mwaka 1953, pale Hettinger na Müller wa Dortmund, Ujerumani, walipoeleza kwamba kukaza kwa sekunde chache kila siku kwaongeza nguvu. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba ongezeko walilolitaja lilikuwa limekuzwa mno. Hata hivyo njia hiyo yafaa sana kwa mguu uliofungwa plasta ya jasi, ambao hauwezi kukunjwa. Isokinetiki, "mwendo ulio sawa", ilielezwa na Hislop na Perrine mwaka 1967. Nayo huhitaji mashine inayolinda kasi isibadilike, mashine ya gharama kubwa.

Ndani ya isotoniki mna aina mbili ambazo hazipasi kuchanganywa: msuli waweza kufanya kazi ukifupika, na waweza kufanya kazi ukirefuka. Hii ya pili huwatatiza wengi. Mwaka 1952 wanasayansi watatu wa Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie, walifunga baiskeli mbili kwa mnyororo mmoja, zikielekeana nyuma. Mmoja aliendesha mbele, na mwenzake akazuia pedali zilizokuwa zikimrudisha nyuma. Ilionekana kwamba mwenye kuzuia alitumia oksijeni kidogo sana kuliko mwenye kuendesha, ingawa nguvu walizoshindana ni zilezile. Watu wa Makambako hawana haja ya baiskeli hizo ili kulielewa jambo hili. Reli ya TAZARA hupanda kutoka bonde la Mlimba hadi Makambako kupitia milima, mahandaki na madaraja. Treni ipandayo huvutwa na injini. Treni iteremkayo huhitaji breki, na breki nazo zafanya kazi. Vivyo hivyo msuli wa paja: mtu apandapo mlima huinua mwili, ateremkapo huuzuia usianguke. Goti lililopoteza nguvu hiyo ya kuzuia ndilo humwangusha mtu kwenye mteremko. Kwa mgonjwa anayerudi milimani, zoezi la kushusha polepole halipungui umuhimu kwa lile la kunyanyua.

Tumefika sasa kwenye neno lililo msingi wa yote. Je, tuseme upinzani au ukinzani? Kitenzi pinga asili yake ni kuweka kitu kwa kukingama, ndipo tukapata pingo na kipingamizi. Lakini upinzani umekwisha kuchukuliwa na mambo ya watu. Vitabu vya historia hulitumia kwa vita dhidi ya wakoloni, na Njombe ina kumbukumbu yake: mwezi Septemba 1905, katika Vita vya Majimaji, Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi. Tangu mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudishwa, neno hilo limekuwa la vyama na bunge. Upinzani wataka mshindi na mshindwa. Mgonjwa aliyeambiwa "nipinge" huona ameitwa kwenye mashindano, naye husukuma kwa ghafla na kwa nguvu zote, ilhali mtaalamu ataka nguvu iliyopimwa, itolewayo polepole. Ukinzani, kutokana na kinza, nao una maana ya kuzuia na kukataa, lakini fizikia ya Kiswahili imekwisha kuufanya neno la kitu kisicho na hasira, kama ukinzani wa waya kwa umeme. Twaona hili ndilo lifaalo kwa kitabu. Na "usugu" ubaki kwa vijidudu visivyosikia dawa.

Hata hivyo ukinzani ni neno la kitabu. Halifai kuwa amri. Kwa mgonjwa ni afadhali kusema: "Zuia mkono wangu usikushushe mguu." Amri ya "kaza" nayo inafahamika kwa wote, lakini ina hatari yake. Mtu aambiwapo akaze, aghalabu hubana na pumzi, na kubana pumzi wakati wa kukaza hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Kwa mzee mwenye maradhi ya shinikizo hilo, neno moja lisilokamilika laweza kuleta madhara. Kwa hiyo karatasi ya maelekezo isiandike "kaza" peke yake, bali "kaza huku ukipumua", au imtake mgonjwa ahesabu kwa sauti, maana ahesabuye kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Kutokana na hayo twapendekeza wasomaji wazijadili istilahi hizi. Jina la jumla liwe mazoezi ya ukinzani, na kwa utaratibu wa DeLorme, mazoezi ya ukinzani wa kuongeza. Kwa kizuizi, tuseme ukinzani wa mkono, ukinzani wa mzigo na ukinzani wa mpira. Utepe uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli waingia katika huu wa mwisho. Kwa kazi ya msuli, tuseme mkazo tuli mahali pa isometriki. Mkazo wa mwendo mahali pa isotoniki, nao ugawanywe katika mkazo wa kufupisha na mkazo wa kurefusha. Na mkazo wa kasi moja mahali pa isokinetiki. Kando ya kila istilahi iandikwe amri yake: shikilia, nyanyua, shusha polepole. Penye mpira, amri ziwe vuta na achia polepole, kwa kuwa hapo hakuna cha kunyanyuliwa.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi watutaka tutazame kwanza hazina ya Kiswahili, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa mbali. Katika fungu hili hatukulazimika kutoka nje ya hazina yetu wenyewe. Kukaza, kuzuia, kunyanyua na kushusha ni maneno ayajuayo kila mpasua mbao na kila mchukuzi wa stesheni. Linalobaki ni walimu wa vyuo vya afya, wafasiri na maofisa wanaochapisha maelekezo kuyatumia kwa namna moja, ili mgonjwa aliyefundishwa Njombe akipokewa Makambako asikute zoezi lake limepewa jina jingine.