Bunduki ya Upepo: Jina, Ufundi na Sheria

Katika ziara yetu ya kukusanya maneno ya ufundi mkoani Songwe tulifika Mbozi Mission, mahali palipokua kandokando ya kituo ambacho wamisionari Wamoravian kutoka Herrnhut, Ujerumani, walikianzisha mwaka 1899 katika nchi ya Wanyiha. Tulikwenda kwa ajili ya istilahi za kahawa. Lakini uani kwa fundi mmoja wa baiskeli tuliona bunduki ndefu imelazwa juu ya gunia, mtutu wake umekunjwa chini kama goti. Mwenye bunduki, mwalimu mstaafu, alikuwa ameketi kando yake, kibali chake mfukoni. Tulipokwisha kuwaamkia wazee hao, mwenzetu mmoja aliuliza kama ile ni gobori. Fundi akacheka. "La, mwanangu. Hii ni bunduki ya upepo, na upepo wake umepungua."

Katika rasimu tuliyokuwa nayo mkobani chombo hicho kiliitwa "bunduki ya hewa". Makala haya yanaeleza kwa nini tumelifuta jina hilo, na kwa nini jambo linaloonekana dogo namna hii linamhusu mfasiri wa sheria.

Inafaa kukumbuka kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakungoja kamati ili kuzipa silaha majina. Mzinga ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki. Lilipokuja bomba kubwa la chuma litemalo moto, umbo lilitosha kulipatia jina. Gumegume ni jiwe litoalo cheche, na bunduki iliyowashwa kwa jiwe hilo ikaitwa hivyo hivyo. Gobori lilijulikana kwa kushindiliwa baruti kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Bombomu liliigwa kutoka katika mlio wake. Kila jina limeshika kile ambacho mtu alikiona au kukisikia mbele yake. Hata neno bunduki lina safari ya namna hiyo: kwa Kiarabu *bunduq* ni aina ya kokwa, kisha likawa jina la kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, kisha risasi ya mviringo, na mwisho chombo chenyewe cha kuirushia.

Tukirudi kwa fundi wetu, hoja iliyotufanya tuandike "hewa" ilikuwa ya kitaalamu: hewa ni ile iliyomo popote, upepo ni hewa iendayo, na ndani ya silinda hewa imetulia mpaka ifyatuliwe. Hoja hii ni safi kwenye karatasi. Lakini Mtanzania hajazi hewa katika tairi, anajaza upepo. Mpira hupungua upepo, na pampu hutia upepo. Tena risasi haisukumwi na hewa iliyotulia. Inasukumwi na hewa iendayo kwa kasi, yaani upepo. Mwanazuoni aliyetaka kumsahihisha fundi alikuwa na haki nusu tu.

Kuna bunduki za upepo za namna mbili kuu. Ya kwanza hubeba upepo ulioshinikizwa tangu mwanzo. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya namna hiyo, iliyobuniwa na Girardoni, mwishoni mwa karne ya 18: kitako chake kilikuwa chupa ya chuma, ilipigwa pampu mara 1,500 hivi, na ilikuwa na nafasi ya risasi 20 hivi. Mfasiri wa habari hizi ajihadhari na maneno "hewa iliyoshindiliwa", kwa kuwa kushindilia kumekwisha kuwa mali ya gobori. Hewa hubanwa au hushinikizwa.

Ya pili, ambayo ndiyo tuliyoiona Mbozi, haina chupa. Mtutu unapokunjwa hubana kamani nene nyuma ya pistoni. Kifyatulio kikivutwa, kamani hujinyoosha, pistoni hukimbia mbele na kuusukuma upepo nyuma ya risasi. Viwanda vya Birmingham na vya Ujerumani vilieneza bunduki za kamani tangu mwanzo wa karne ya 20. Neno kamani asili yake ni Kiajemi *kaman*, yaani upinde. Kwa hiyo katika chombo hiki kidogo upinde na kidonge chake vimekutana tena, na sisi wa ofisini tusingaligundua kama tungalibaki na neno "springi" peke yake.

Ugonjwa wa bunduki ya mwalimu ulikuwa katika kipande cha ngozi kichwani mwa pistoni, ndugu wa ngozi ya pampu ya baiskeli. Kilikuwa kimekauka, na upepo ulipita pembeni. Fundi alikilainisha kwa matone machache tu ya mafuta, akaeleza sababu ya uchache huo: yakizidi, hewa inayobanwa ghafla hupata joto kali na kuyawasha, kama katika injini ya dizeli. Hapo bunduki hulia kwa kishindo, hutoa moshi, na kamani inaweza kuvunjika. Aliongeza kwamba bunduki hii haifyatuliwi bila risasi, kwa maana pistoni hukosa mto wa hewa na kujigonga ukutani.

Basi moto katika bunduki ya upepo ni ajali. Sasa tutazame maneno "silaha ya moto", yanayotumika sana magazetini na katika taarifa za polisi. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mahali pa ile ya 1991, na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria za nchi. Raia atakayesoma "silaha ya moto" ana haki ya kusema kwamba yake ni ya upepo, na kwenda zake. Hatusemi kwamba atakuwa amesamehewa. Tunasema kwamba mfasiri atakuwa amemtega. Ndiyo maana tunapendekeza "silaha ya mtutu" pale ambapo sheria inazungumzia chombo kirushacho risasi kwa mtutu, bila kujali kinachoisukuma. Na anayetaka kununua aanzie kituo cha polisi, si dukani.

Nguvu yenyewe hupimwa kwa jouli. Ujerumani kikomo cha bunduki ya upepo inayouzwa kwa mtu mzima bila kibali maalumu ni jouli 7.5, England kikomo cha bunduki ndefu ni 16 hivi. Risasi ndogo ya baruti ya milimita 5.6 hupita jouli 100. Hata hivyo jouli chache zinatosha kutoboa jicho.

Juu ya kuchagua, mwalimu alikuwa na maoni makali. Wanunuzi hutafuta yenye nguvu, akasema, halafu hawawezi kuikunja wala kuituliza. Yeye alichagua ya milimita 4.5, kwa kuwa risasi yake huenda kasi na njia yake haipindi upesi, kuliko ya 5.5 iliyo nzito. Ndicho kipimo cha mashindano ya meta 10, yaliyoingizwa katika Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, ambapo kitone cha katikati cha bunduki ndefu kina upana wa nusu milimita.

Alitupa nafasi ya kujaribu, shabaha ikiwa karatasi mbele ya kichuguu. Tulikosa. Tulikuwa tumeibana bunduki begani kwa nguvu zote, nayo ya kamani hutaka kushikwa kwa wepesi, kila mara vilevile, kwa sababu husukumana mara mbili: kwanza nyuma kamani inapojinyoosha, kisha mbele pistoni inapofika mwisho, na yote mawili kabla risasi haijatoka mtutuni. Msukumo wa kwanza mwalimu aliuita teke. Wa pili aliuita "kurudi mbele", akatuangalia kama anayengoja tumsahihishe. Tumeyaandika maneno hayo katika rasimu kama alivyoyasema.