Udongo Wetu Unashukia Ujiji

Ujiji kila mtoto wa shule anaijua kwa mambo ya 1871, Stanley kukutana na Livingstone. Sawa. Mimi nikifika Ujiji wakati wa mvua natazama mto Luiche. Unaingia ziwani mwekundu, na wekundu ule ni mashamba ya milimani kwetu. Tope likitulia hufunika mawe ambako samaki wadogo hula na kutaga.

Shuleni niliandika sababu za mmomonyoko wa udongo nikapata alama zote: kukata miti, kuchoma moto, kulima kwenye mteremko. Hamna mwaka hata mmoja mle! Utadhani mkulima aliamka tu asubuhi akawa mjinga.

Mwaka alinipa bibi. Zamani, anasema, watu waliishi mbalimbali, kila mji na migomba yake, na shamba likichoka linaachwa lilale. Ikaja Operesheni Kigoma, 1972. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, mwisho 1976. Bibi akahamishiwa kando ya barabara. Shule na zahanati zilisogea, hilo hakatai. Lakini kaya zikabanana, shamba la karibu likalimwa kila mwaka bila kupumzika, na kuni zote zikatoka mlima uleule. Makorongo yakafuata.

Wengine eti wanawasingizia wakimbizi wa Burundi wa 1993 na wa Kongo wa 1996. Kuni walikata, ndiyo, lakini makambi mengi yalikuwa Kasulu na Kibondo. Mlima wa Kalinzi ulikatwa na nani?

Nenda Kalinzi ujionee. Chini ya migomba na kahawa majani makavu yameufunika udongo. Mvua ipige itakavyo, umetulia. Hatua chache tu pembeni, kwenye mteremko wa muhogo, mawe yametokeza kama mbavu za ng'ombe. Mvua ni ileile.

Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall, yule mama aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, ilianzisha mradi wa TACARE: vitalu vya miti, miche kwa wanavijiji. Jambo zuri. Bibi alipoona wageni wakipima mteremko aliguna, akaniuliza taratibu:

"Mjukuu wangu, hawa nao wanataka kutuhamishia wapi?"