Ukiona vyaelea, vimeundwa: hataza za vyombo vya upasuaji na waliovibuni

Waswahili tuna msemo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi haliingii majini lenyewe. Kuna fundi aliyekaa juani na tezo lake. Mgonjwa wetu akitoka salama chumba cha upasuaji, tunamshukuru Mungu, kisha tunamshukuru daktari, na ndivyo inavyopasa. Lakini chombo alichokishika daktari nacho kina fundi wake, na jina la fundi huyo limeandikwa mahali. Leo nitawaeleza wachache kati yao, ambao hataza zao zimetajwa sana na wabunifu waliowafuata.

Kwanza, hataza ni nini? Ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza kitu chake kwa muda maalumu. Naye, kwa upande wake, analazimika kueleza wazi, kwa maneno na michoro, kitu hicho kinavyofanya kazi. Anayekuja baadaye kuomba hataza ya kitu cha jamii hiyo hutaja zile zilizomtangulia, na mkaguzi wa serikali huongeza zake. Ndiyo maana husemwa kuwa hataza fulani "imetajwa" mara kadha wa kadha.

Fogarty na kidole cha glavu

Thomas Fogarty alizaliwa mwaka 1934 mjini Cincinnati, Marekani. Alifiwa na baba angali mdogo, na katika ujana wake akafanya kazi hospitalini. Huko aliona wagonjwa walioziba mishipa ya miguu kwa donge la damu. Madaktari waliwapasua kwa urefu kulitafuta donge, na wengi walikatwa mguu au kufa.

Fogarty alichukua mrija mwembamba, akaufunga kwenye ncha yake kipande cha kidole cha glavu ya mpira. Hakukuwa na gundi iliyoshika vitu hivyo viwili, kwa hiyo alitumia mafundo aliyoyajua kwa kufunga chambo za uvuvi. Mrija huingizwa kwa tundu dogo, hupitishwa mpaka nyuma ya donge, kipira hujazwa maji, kisha wote huvutwa nje pamoja na donge. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa njia hiyo mwaka 1961. Makampuni kadhaa yalikikataa chombo hicho kabla ya mhandisi Lowell Edwards kukubali kukitengeneza. Hataza, nambari 3,435,826, iliombwa mwaka 1964 na kutolewa 1969.

Palmaz na wavu wa lipu

Mwaka 1977, mjini Zurich, Andreas Gruentzig alitumia kipira cha namna nyingine kupanua mshipa wa moyo. Tatizo likabaki: mishipa mingine ilijifunga tena. Mwaka uliofuata daktari Julio Palmaz, mzaliwa wa Argentina, alimsikiliza Gruentzig akihutubia New Orleans, akawaza kuacha kitu ndani kitakachoushikilia mshipa. Umbo alilipata gerejini kwake, kwenye kipande cha wavu wa chuma wa kupigia lipu. Wavu ule ukivutwa, matundu yake hupanuka na kubaki vile vile. Hivyo ndivyo ilivyoanza stenti yake.

Hataza yake, nambari 4,733,665 ya mwaka 1988, ni miongoni mwa zilizotajwa sana katika fani ya tiba. Mwenye mikahawa mmoja, Phil Romano, ndiye aliyetoa fedha za kuanzia. Stenti ya Palmaz na mwenzake Schatz iliruhusiwa Marekani kwa mishipa ya moyo mwaka 1994, na makampuni makubwa yakashitakiana miaka mingi kuhusu stenti.

Mtoto wa jicho

Charles Kelman alipata wazo lake kwenye kiti cha daktari wa meno, aliposafishwa meno kwa kifaa kinachotetema kwa kasi mno. Akajiuliza kama mtetemo ule ungeweza kuvunja mtoto wa jicho, vipande vikanyonywa kwa tundu dogo badala ya kulipasua jicho kwa upana. Hataza yake na Anton Banko ilitolewa mwaka 1971. Mwaka 1988 akafuata Patricia Bath, mzaliwa wa Harlem, kwa chombo kinachotumia leza. Alikuwa daktari wa kwanza mwanamke Mmarekani mweusi kupata hataza ya kitabibu.

Idadi isikupumbaze

Sasa tuje kwenye stepla za kushonea matumbo na mapafu. Ya kwanza iliundwa Budapest mwaka 1908 kwa ajili ya daktari Hümér Hültl, ikiwa na uzito wa kilo tatu na zaidi. Mmarekani Mark Ravitch aliziona za Kisovieti mjini Kyiv mwaka 1958, akarudi nazo habari kwao. Leo Frederick Shelton wa kampuni ya Ethicon ana jina kwenye hataza zaidi ya 1,000. Mojawapo, nambari 7,000,818 ya mwaka 2006, ilitenganisha hatua ya kubana nyama na hatua ya kufyatua pini, nayo imetajwa mno.

Lakini sheria ya Marekani humtaka mwombaji aeleze anachokijua kinachohusiana na ombi lake. Kampuni yenye hataza nyingi hutaja zake yenyewe, tena na tena, na orodha huwa ya kurasa kadhaa. Kwa hiyo mimi sioni kuwa kutajwa sana ni sawa na kuponya sana. Kutajwa hutuonyesha ni wapi watu walijenga juu ya msingi wa mwenzao, na pia ni wapi kampuni ilizungushia ua kiwanja chake. Kujua lipi ni lipi, sharti uifungue hati uisome.

Sisi wa Pwani tunaingia wapi?

Hataza ya Marekani haina nguvu Kenya isipokuwa imeombwa na kusajiliwa huku pia. Na hizi za zamani nilizozitaja, za Fogarty, Palmaz, Kelman na Bath, muda wake umekwisha hata huko kwao. Michoro yake iko wazi mtandaoni, husomwa bure na yeyote. Kutengeneza chombo cha kumtia mgonjwa kunahitaji vipimo na kibali, na hapo hakuna njia ya mkato. Lakini kusoma na kujifunza hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kwa mwenye wazo lake mwenyewe, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inatoa hataza ya miaka 20 kupitia taasisi ya KIPI jijini Nairobi. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi Mombasa, Kilifi na Lamu wanajua kuchomea, kuchonga na kufunga mafundo. Fogarty naye alianza na mafundo. Ningependa walimu wao wawafungulie hati yake darasani, waone imeandikwaje.