Kupatikana na Kufikika

Ukiiweka simu ya Android kwa Kiswahili, kwenye mipangilio utakuta neno ufikivu, na chini yake zana za kukuza maandishi au kusomewa skrini kwa sauti. Wapo wanaopendelea ufikikaji, nami niko upande wao. Msikivu ni mtu asikiaye, mtulivu ni mtu aliyetulia; kwa hiyo ufikivu unanukia sifa ya mwenye kufika. Tunachopima hapa ni pale panapofikiwa: panafikika au hapafikiki?

Maktabani ufikikaji huchanganywa na upatikanaji. Chuo huskani tasnifu zake za zamani, kikaziweka mtandaoni na kutangaza kuwa zinapatikana usiku na mchana. Ni kweli. Lakini ukurasa ulioskaniwa bila kupitishwa kwenye programu ya kutambua herufi ni picha tu. Msomaji asiyeona akiufungua kwa NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kukiunda mwaka 2006, ataambiwa hakuna maandishi. Tasnifu imepatikana, haijafikika.

Katalogi nayo ina vizingiti vyake. Kisanduku cha kutafutia kisicho na lebo humwacha msomaji akibahatisha: aandike jina la mwandishi au la kitabu? Kitufe cha kuagiza kitabu kinachokubali kipanya peke yake humfungia nje anayetegemea kibodi, awe haoni au mikono yake inatetemeka. Maandishi ya kijivu kwenye weupe humchosha mwenye uoni hafifu. Mwongozo wa ufikikaji wa tovuti, WCAG, katika kiwango chake cha AA, unataka uwiano wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kisha kuna kosa linalotuhusu sisi hasa: ukurasa wa Kiswahili uliotambulishwa kwenye msimbo kuwa wa Kiingereza husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hapo hata "vitabu" havitambuliki.

Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017 na Tanzania 2020, unaruhusu kitabu kugeuzwa breli au sauti kwa ajili ya msomaji asiyeona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Lakini mkataba hauandiki lebo ya kisanduku cha kutafutia.

Mkutubi anayeonyeshwa mfumo mpya na aweke kipanya kando, atafute kitabu na kukiagiza kwa kibodi tupu. Akikwama, amuulize muuzaji papo hapo, kabla ya kusaini.